Wiki Nne za Kumwuguza Marehemu

Naomba nianze kwa kukiri, maana nikianza kwa kujitetea sitafika mwisho: mimi, mwenye shahada ya takwimu na vyeti viwili vya ziada, nimewahi kumwuguza maiti kwa wiki nne. Simaanishi kwamba nilikaa na mwili ndani ya nyumba (Mungu apishe mbali), marehemu mwenyewe alikuwa ameshazikwa, ameshasomewa hitima, watu wameshakula na kutawanyika. Ninachosema ni kwamba kila Jumamosi nilisimama kwenye bustani moja ya Thornton Heath, kusini mwa London, buti za mpira miguuni, nikawaeleza watu wazima kuwa marehemu leo ameamka vizuri, amekunywa uji wake, na anawasalimu nyote. Na kilichonifikisha huko ni neno moja tu, tena neno la adabu.

Marehemu ni Baba Mkubwa Nassor, mume wa dada yake mama yangu. Alitoka Unguja akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi, akaendesha mabasi mpaka akastaafu, na katika miaka yake yote ya London kitu alichojivunia hakikuwa nyumba wala pensheni, kilikuwa shamba. Nasema shamba kwa sababu yeye ndivyo alivyoliita, ila ukweli ni kipande cha ardhi cha ukubwa wa vyumba vitatu hivi. Nyuma ya nyumba za watu kuna uwanja mkubwa uliogawanywa vipande vipande, kila mtu anakodi chake kwa mwaka na kulima anachotaka, na anayetaka kupata anaandikisha jina na kusubiri miaka. Baba Mkubwa alikuwa na chake kwa miaka ishirini na mbili. Mama Mkubwa ndiye aliyepanda na kupalilia, na Baba Mkubwa alikuwa hodari wa mambo mawili, kuchimba na kuzungumza na majirani.

Alifariki mwisho wa Julai, kwa moyo. Tulimzika kesho yake kama ilivyo desturi, taarifa zikapita msikitini na kwenye simu za jamaa, na katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kuwa kule shambani nako kuna watu wanaomjua. Mama Mkubwa akakaa eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, na shamba, hata ulipende namna gani, si dharura. Basi mvua ya Agosti ikanyesha, magugu yakafurahi, na siku za mwisho za mwezi ikaja barua kutoka chama kinachosimamia uwanja ule, yenye jina la Bwana Nassor: shamba limetelekezwa, lisafishwe kabla ya ukaguzi wa mwisho wa Septemba, la sivyo litachukuliwa.

Mama Mkubwa aliisoma mara mbili akaniita. Nilikuwa nikiishi kwake tangu nimalize chuo.

"Rahma, mwanangu, mimi nikimaliza eda siendi dukani wala siendi kwa mtu. Nataka nitoke mlangoni hapa niende shambani kwangu. Usiwaache wakalichukua."

"Na hao watu niwaambie kuwa Baba Mkubwa amefariki?"

"Sasa utawaficha? Waambie. Watu wazima wale."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kusafisha shamba na kuwaambia watu. Mtu mwingine angekwenda akasema. Mimi ndani ya basi nilitunga ile sentensi kwa namna kumi na moja. Nilijiuliza kama "amefariki" niitangulize na "kwa masikitiko" au nisiitangulize, kama nitabasamu kidogo ili wasijisikie vibaya (ati mfiwa ndiye anayewahurumia waliokuja kumpa pole!), kama wakinikumbatia niache mikono chini au niipandishe. Nilipofika getini nilikuwa nimeshachoka kama niliyelima.

Shamba la jirani ni la mzee mmoja Mwingereza, Derek, mrefu, mgongo umeanza kupinda, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Aliponiona nafungua banda letu la zana akaja mbio mbio na reki yake mkononi.

"Wewe ni mpwa wa Nas! Nimekuona na Nas mwaka jana. Haya niambie, mzee anaendeleaje?"

Nikasema, "Hajambo."

Ngojeni, msinihukumu bado. Nilisema kwa Kiingereza chao, lakini kichwani lilikuwa hilo hilo la kwetu. Kwetu ukiulizwa habari za nyumbani, hata kama udongo wa kaburi bado umo kwenye viatu vyako, unajibu kwanza "nzuri", au "hajambo", au "salama", kisha unashusha pumzi, kisha unasema "ila..." na mwenzako naye anaisubiri hiyo "ila", anajua ndiyo habari yenyewe inakuja. Nimelelewa hivyo. Nikasema hajambo, nikashusha pumzi, nikafungua mdomo niseme ila, na Derek alikuwa ameshanipiga begani kwa furaha.

"Nilijua! Nilimwambia mke wangu, Nas ni chuma kile. Tangu alipopelekwa hospitali Juni sijalala vizuri." Akageuka, akaenda kwake, akakata maua ya dalia, makubwa mekundu, mkono ukajaa, akanirudia. "Ayaweke kando ya kitanda chake. Mwambie ni ya Derek."

Mimi na maua yangu mkononi nikabaki nimesimama. Sasa nimfuate nimwambie, samahani, yule niliyesema hajambo amekufa? Nikaona nianze kazi kwanza, nikipata nafasi nitamwita pembeni. Nikang'oa magugu kwa saa tatu, kila nikiinuka namtazama, naye kila nikimtazama ananipungia mkono. Nikaamua: nikiondoka napita kwake, namwambia, basi. Lakini kabla ya kufika kwake nikapita kwenye ubao wa matangazo, na hapo, nyuma ya kioo chenye ukungu, nikasoma kanuni za chama: mpangaji akifariki, shamba hurudi mikononi mwa chama na hupewa anayefuata kwenye foleni.

Nilisoma mstari ule mara nne. Kisha nikatoka getini na maua yangu bila kuaga.

Nyumbani Mama Mkubwa akayaona maua kabla ya kuniona mimi.

"Nani kayatoa?"

"Derek."

"Umewaambia, basi." Hakuuliza, alisema hivyo tu, akayapokea kwa mikono miwili. "Maskini Derek. Kumbe watu wana moyo. Mwambie ahsante, mwambie pole yake imenifikia." Akayaweka mezani, pale wanapokaa wanawake wanaokuja kumpa mkono wa tanzia, na kila aliyeingia akaambiwa, haya maua ni ya rafiki yake Nassor wa shambani, Mzungu, lakini ana utu.

Sasa nikawa na uongo wa aina mbili, mmoja wa shambani na mmoja wa nyumbani, na mimi ndimi basi linalosafiri kati yake.

Jumamosi ya pili Derek aliniuliza kama Nas anakula. Nikasema anakula, uji. Akaniuliza kama anatembea. Nikasema mpaka dirishani (kwa nini dirishani? sijui, nilimwona kabisa akitembea mpaka dirishani). Nilikata mashina ya mahindi, nikang'oa maharage yaliyokaukia kwenye fito, nikachagua ganda moja moja lililokomaa nikatoa mbegu za mwakani, nikachimba viazi, na muda wote nilikuwa nikipiga hesabu: siri hii nikiibeba mpaka ukaguzi upite, shamba likionekana safi, halafu eda iishe, Mama Mkubwa aje mwenyewe, yeye ni mtu mzima, ataweza kueleza vizuri kuliko mimi. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Nimesoma takwimu miaka mitatu na huo ndio ulikuwa mpango wangu.

"Mwulize Nas jambo moja," Derek akasema nikiondoka. "Kila mwaka tunabishana vitunguu saumu vipandwe lini. Mimi nasema sasa hivi. Mwulize anasemaje mwaka huu."

Nikamwuliza Mama Mkubwa. Akasema katikati ya Oktoba, udongo ukishapoa, na mtu anayepanda Septemba ni mbishi tu. Jumamosi ya tatu nikampelekea Derek jibu lile kama lilivyo: "Amesema katikati ya Oktoba, na uache ubishi."

Derek alicheka mpaka akakohoa, akashika uzio. "Huyo ndiye Nas! Huyo ndiye Nas!" Akavua kofia akajifuta macho, na mimi nikacheka pamoja naye. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo linaniamsha. Kwamba nilicheka.

Jumamosi ya nne ilikuwa siku ya kazi ya pamoja, ile ya kila mwanzo wa vuli. Watu kama thelathini walikuja, wengine na wajukuu, wakafagia njia, wakaosha vioo vya vibanda vya miche, wakabeba samadi ya farasi kwa matoroli. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja aitwaye Pauline, alipita na karatasi yake akikagua, akafika kwetu, akasimama. Shamba lilikuwa safi kama sinia. Akaandika kitu akatabasamu. Nikahisi mgongo unanilegea kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Ulikuwa umebaki mchicha na maboga tu. Maboga Mama Mkubwa alinikataza kuyagusa bila yeye: nimpigie simu ya nyumbani nikiwa mbele ya maboga yenyewe, anielekeze moja moja lipi limekomaa, lipi ligongwe kwa kidole, likatwe na kikonyo kirefu kiasi gani. Alikuwa amekaa karibu na simu akinisubiri.

Saa tano kengele ya chai ikapigwa. Nikaona niyaache maboga kwanza, nisionekane najitenga. Meza ndefu ilikuwa na keki, birika mbili, na katikati kadi kubwa ya rangi ya bluu. Derek akagonga kikombe.

"Nas ametimiza miaka ishirini na mbili na sisi," akasema, "na huu ndio mwaka wa kwanza kukosa siku ya leo. Basi tumeweka saini sote. Rahma, njoo."

Nikaenda. Kadi ilikuwa imejaa majina. Ugua pole, Nas. Rudi upesi, hakuna wa kumkosoa Derek. Mtoto mmoja alikuwa amechora boga lenye macho. Nikasema ahsanteni, nitamfikishia.

"Hapana, hapana," Derek akasema, ameshatoa simu mfukoni. "Tumsalimie sasa hivi. Namba ya nyumbani ninayo tangu zamani."

"Amelala," nikasema.

"Nas? Saa tano asubuhi?" Watu wakacheka. "Tangu lini?"

"Dawa zinamlaza. Daktari amekataza kelele. Simu yenyewe nadhani ni mbovu..."

Sababu tatu kwa pumzi moja. Pauline aliniangalia. Derek alikuwa ameshabonyeza, ameshaweka sauti ya juu, na ameinua simu ile katikati ya watu. Iliita mara moja tu.

"Rahma? Umefika kwenye maboga?"

"Si Rahma, mimi Derek! Derek wa shambani!"

"Oh, Derek!" Mama Mkubwa akahamia Kiingereza chake cha polepole, ambacho sijawahi kukisikia kikiwa na furaha vile tangu Julai. "Nimetaka sana kukushukuru. Maua yako yamenipa nguvu."

"Ah, mama, yale maua hayakuwa yako, yalikuwa ya mgonjwa!" Kicheko kikazunguka meza.

"Mgonjwa gani?"

"Nas! Tuko watu thelathini hapa. Mpe simu tumpigie kelele kidogo."

Nilisikia mvuke wa birika, na mtu mmoja upande wa nyuma aliyekuwa bado anatafuna.

"Derek," Mama Mkubwa akasema. "Mume wangu nimemzika mwezi wa saba. Rahma hakukwambieni?"

Kisha akarudi kwenye Kiswahili, sauti imeshuka, na watu thelathini wakamsikiliza wasifahamu chochote ila jina langu.

"Rahma. Upo hapo? Umewaambia nini watu wa watu?"

Simu ilikuwa kwenye kiganja cha Derek, na mimi nikaiinamia kama ninayekunywa maji bombani.

"Nilisema hajambo, Mama," nikasema.

Yeye alinielewa. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha simu ikakatika. Walionizunguka hawakuelewa, na sikuwa na namna ya kuwaeleza, jaribuni nyinyi. Yule mtoto mchoraji alimwuliza mama yake kama kadi bado itatumika.

Derek aliiweka simu mezani taratibu.

"Jumamosi iliyopita," akasema. "Vitunguu saumu."

"Yalikuwa maneno ya mke wake."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. "Ningekuja kumzika," akasema. "Ninayo suti." Akachukua reki yake akaenda zake shambani kwake, akaanza kukusanya majani mahali ambapo hapakuwa na majani.

Pauline alinivuta pembeni. Sikungoja aulize, nikamwaga yote, ubao, kanuni, eda, kwamba nilikuwa nalinda shamba la mjane. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukazidi kuwa mbaya, si kwa hasira.

"Hukusoma ukurasa wa pili?"

Ukurasa wa pili ulikuwa umefunikwa na tangazo la samadi. Akalisogeza nikasoma: isipokuwa mke au mume wa marehemu, ambaye ataendelea na shamba akiomba kwa maandishi ndani ya wiki sita.

"Siku ile ya kwanza ulipokuja," akasema, "zilikuwa bado zimebaki siku..." Akazihesabu kwa vidole, akaona haya, akaacha. "Ningekuwa peke yangu ningekupa. Lakini kuna familia imesubiri miaka, na kila mtu hapa amesikia ulivyotudanganya. Nitawaambia nini?"

Akanipa wiki mbili za kuondoa vitu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake karibu na simu, kanga nyeupe ya eda kichwani.

"Yale maua alimpa Nassor," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo pole hakunipa."

"Hakujua, Mama."

"Na mimi nimewaambia watu wangapi. Na shamba?"

Nikamweleza, na ukurasa wa pili pia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilizihitaji. Hakunipa hata hizo.

"Kavune kila kitu," akasema mwisho. "Usiwaachie wenyewe uchafu."

Ndivyo nilivyojifunza kazi za vuli, kwa kuzifanya kinyume. Niliyakata maboga bila simu ya mtu, mawili nikayavunja vikonyo. Niling'oa mchicha wote, mashina yameshakuwa magumu kama miti, nikang'oa fito, nikavunja banda ubao kwa ubao. Jumamosi ya mwisho Derek alikuja na sepetu. Hakunisalimia. Alianza upande ule, mimi nikiwa upande huu, tukachimba kuelekea katikati mpaka ardhi ikabaki nyeusi tupu, haina hata unyayo wa aliyewahi kuilima. Hapo ndipo akauliza:

"Mmemzika wapi?"

Nikamtajia makaburi, nikamweleza safu na mti ulio karibu. Akaandika kwenye kipande cha bahasha.

"Nitakupeleka," nikasema. "Jumapili, kama una nafasi."

"Naijua njia ya basi," akasema, akaikunja bahasha, akaondoka.

Mama Mkubwa alimaliza eda Desemba. Alioga, akavaa baibui lake, akafika mlangoni, akasimama kidogo pale kizingitini, kisha akaniuliza kama maziwa yamo ndani au aende dukani.

Tangu hapo nimejiwekea sharti, na nalishika hata linapoudhi: nikiulizwa hali ya mtu naanza na ubaya wote, halafu mazuri yafuate kama yapo. Wenzangu wananiona nimepoteza adabu. Juzi mama yangu alinipigia kutoka Unguja, akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia si nzuri, Mama Mkubwa bado haongei na mimi ila kwa lazima. Akasema, "We Rahma, siku hizi hata salamu huitikii?"

Nikamwambia naitikia, naitikia ukweli, nikaketi kitako nikamhadithia yote kama nilivyokuhadithieni nyinyi.